Mgeni Anapopewa Kadi ya Michoro: Uharakishaji wa Michoro Ndani ya Mashine Pepe na Hatari Zake

Mtu anayeunda mashine pepe kwa mara ya kwanza hukutana na kisanduku kidogo katika mipangilio ya skrini, kinachomtaka achague kama michoro ya 3D iharakishwe au la. Akiwauliza wenzake, mmoja atamwambia akiwashe bila kusita, kwa kuwa bila hicho madirisha yatakuwa yanakokota. Mwingine atamwonya kwamba kukiwasha ni kuufungua mlango alioufunga kwa makusudi. Wa tatu atamshauri aachane na kisanduku hicho, aikabidhi mashine pepe kadi nzima ya michoro, kwa hoja kwamba huko ndiko kwenye usalama. Wote watatu wana sehemu ya ukweli. Wanachopishana ni kwamba kila mmoja anazungumzia njia yake, kwa sababu yako mambo kadhaa yaliyo tofauti kabisa ambayo watu huyaita kwa jina moja la kuharakisha michoro.

Tuanze na maneno yenyewe. Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi: ina kumbukumbu yake, diski yake na skrini yake, na mfumo endeshi unaowekwa humo hujiona uko peke yake. Kompyuta halisi huitwa mwenyeji, na mfumo unaokaa ndani ya mashine pepe huitwa mgeni. Kati yao hukaa programu simamizi, kama vile VirtualBox, VMware, Hyper-V au QEMU, ambayo humgawia mgeni rasilimali na kuhakikisha havuki mpaka aliowekewa. Kadi ya michoro, au GPU, ni kichakataji cha pili ambacho kazi yake ya asili ni kuchora, na ambacho siku hizi hutumika pia kwa hesabu nzito za akili unde.

Swali ambalo wengi hawaliulizi ni hili: ikiwa mashine pepe hutumia kichakataji kikuu cha kompyuta kila siku bila wasiwasi mkubwa, kwa nini kadi ya michoro iwe na hofu ya pekee? Jibu liko katika historia ya vifaa vyenyewe. Kuanzia mwaka 2005 kwa Intel na 2006 kwa AMD, vichakataji vikuu vilianza kujengwa vikiwa na ukuta wa mgeni na mwenyeji ndani ya chuma chenyewe, na lugha ya amri zake imeandikwa hadharani na kuchunguzwa kwa miongo. Kadi za michoro hazikukua hivyo. Kila mtengenezaji ana lugha yake ya ndani, inayobadilika kizazi hata kizazi, na kinachoifasiri ni kiendeshi, yaani programu iliyo kati ya mfumo na kifaa. Kiendeshi cha kadi za AMD pekee, ndani ya kiini cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa ya mfumo endeshi huo, kina mamilioni ya mistari ya programu. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mistari hiyo ni majedwali yaliyozalishwa na mashine, lakini hata ukiyaondoa, kinachobaki ni kikubwa mno kwa mtu yeyote kukisoma chote na kuapa kwamba hakina kosa.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza kama uharakishaji ni salama au si salama, mimi huona ni bora kuuliza swali moja kuhusu kila njia: mgeni anapotoa amri ya kuchora, ni nani anayeisoma, na huyo msomaji ana mamlaka gani kwa mwenyeji?

Njia ya kwanza ni kutoharakisha kabisa. Mgeni hupewa kadi ya michoro ya kuigwa, iliyo sahili sana, na kazi yote ya kuchora huifanya mwenyewe kwa kichakataji kikuu. Katika Linux kazi hiyo mara nyingi hufanywa na programu iitwayo llvmpipe. Anachopokea mwenyeji ni picha iliyokwisha kuchorwa, yaani safu za nukta za rangi, ambazo haziamuru lolote. Gharama yake huonekana mara moja: ukiburuta dirisha linakufuata kwa kuchelewa, video ya skrini nzima inakatika, na feni ya kompyuta huanza kuvuma ingawa hufanyi kazi yoyote nzito. Msomaji katika njia hii ni mdogo na kazi yake ni nyepesi, na hiyo ndiyo faida yake.

Hata hivyo, nyepesi haina maana ya kutokuwa na kosa. Mwaka 2015 iligunduliwa kasoro iliyopewa jina VENOM katika sehemu ya QEMU inayoiga kiendeshaji cha diski laini za zamani, kifaa ambacho karibu hakuna aliyekuwa akikitumia tena. Kasoro hiyo ilikuwa imekaa humo tangu mwaka 2004, na ilimwezesha mgeni kuandika nje ya mipaka ya kumbukumbu aliyopewa. Nawaomba wanaosema kwamba mashine pepe ni gereza lisilotorokeka waukumbuke mfano huo. Ikiwa kifaa sahili kama kile kiliacha ufa kwa zaidi ya miaka kumi, tuwe waangalifu tunapoanza kuiga kifaa kigumu kuliko vyote ndani ya kompyuta.

Njia ya pili ndiyo ile ya kisanduku cha mipangilio, na ndiyo inayostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi. Hapa mgeni hachori. Huandika orodha ya amri, kwa mfano: tengeneza picha ya ukubwa huu, pakia rangi hizi, chora pembetatu hizi, endesha programu hii ndogo ya kukokotoa mwanga, ambayo huitwa sheda. Orodha hiyo huwekwa katika eneo la kumbukumbu ambalo pande zote mbili zinaliona, na programu iliyo upande wa mwenyeji huichukua, huitafsiri, kisha huikabidhi kwa kiendeshi halisi. Ndivyo zinavyofanya kazi kadi za kuigwa za VMware na VirtualBox, na ndivyo unavyofanya kazi mfumo wa virgl katika QEMU. Msomaji sasa si mmoja tena: kuna mfasiri, na nyuma yake kuna kiendeshi kizima cha mwenyeji, ambacho sehemu yake moja huendeshwa ndani ya kiini cha mfumo, mahali penye mamlaka yote.

Ubaya unavyoingia unaweza kuonyeshwa kwa hesabu ya shule ya msingi. Tuseme mgeni anaomba picha yenye upana wa nukta 65,536 na kimo cha nukta 65,536. Mfasiri anataka kujua atenge nafasi kiasi gani, kwa hiyo anazidisha, na jibu sahihi ni 4,294,967,296. Lakini ikiwa aliyeandika programu alitumia namba ya biti 32, namba kubwa kuliko zote inayoweza kuandikwa humo ni 4,294,967,295. Jibu limezidi kwa moja tu, na kama mita ya gari la zamani iliyofika 99,999 kisha ikarudi mwanzo, hesabu inarudi kwenye sifuri. Mfasiri anatenga nafasi ya sifuri, anaridhika, kisha mgeni anaanza kumimina data ya picha. Data hiyo inafurika na kufuta vitu vingine vilivyo jirani katika kumbukumbu ya mwenyeji, na mshambulizi hodari huchagua kwa makini kitakachoandikwa humo. Kosa dogo kama hilo la kutohakiki ukubwa, au la kuamini nafasi ya kitu katika orodha bila kuuliza kama orodha ina urefu huo, ndilo linalojirudia tena na tena katika taarifa za usalama za eneo hili.

Wala si nadharia. Mwaka 2009 mtafiti Kostya Kortchinsky wa kampuni ya Immunity alionyesha, katika mkutano wa Black Hat, shambulizi aliloliita Cloudburst, ambalo lilitumia kasoro katika kadi ya michoro ya kuigwa ya VMware kutoka ndani ya mgeni hadi kwa mwenyeji. Mwaka 2014 watafiti wa Core Security walitangaza kasoro katika uharakishaji wa 3D wa VirtualBox, na kisa chake kinafundisha zaidi. VirtualBox ya wakati huo ilitumia programu iitwayo Chromium, isiyohusiana na kivinjari chenye jina hilo, ambayo iliundwa ili kompyuta nyingi zilizounganishwa zishirikiane kuchora picha moja. Kompyuta hizo zilikuwa za mwenye kazi mmoja na ziliaminiana. Programu iliyozaliwa katika mazingira ya kuaminiana ilipochukuliwa na kuwekwa kati ya mgeni asiyeaminika na mwenyeji, ilibeba tabia yake ya kupokea ujumbe bila kuuhoji. Toleo la 6.1 la mwaka 2019 liliachana na mfumo huo wa zamani.

Watengenezaji wenyewe hawajaficha jambo hili. Mwongozo wa VirtualBox unasema wazi kwamba mgeni asiyeaminika asiruhusiwe kutumia uharakishaji wa 3D, kwa kuwa viendeshi vya vifaa hivyo kwa jumla ni tata mno kuweza kulindwa ipasavyo. VMware, iliporekebisha kasoro kadhaa za michoro mwezi Juni 2020, ilieleza kwamba anayeshindwa kusasisha azime uharakishaji wa 3D kama hatua ya muda, ikaongeza kwamba kipengele hicho huwa kimezimwa tangu awali katika ESXi, bidhaa yake ya seva, bali huwa kimewashwa katika Workstation na Fusion, bidhaa za kompyuta za mezani. Ni vyema mtumiaji ajue hilo, maana wengi hudhani kwamba kile ambacho hawakukigusa kimezimwa.

Kisa kinachoniridhisha zaidi kwa uwazi wake ni cha Microsoft. Hyper-V ilikuwa na kipengele cha RemoteFX vGPU kilichowawezesha wageni kadhaa kushirikiana kadi moja. Mwaka 2020 zilipatikana kasoro sita ambazo zilimruhusu mgeni, kwa kuendesha programu iliyotengenezwa kwa hila, kuvishambulia viendeshi vya michoro vya kampuni nyingine vilivyokuwa vikiendeshwa upande wa mwenyeji. Microsoft haikutoa kiraka. Mwezi Julai mwaka huo ilikizima kipengele chote, ikieleza kwamba tatizo liko katika muundo wenyewe, na mwaka uliofuata ikakiondoa kabisa. Kampuni yenye uwezo ule kuamua kubomoa badala ya kukarabati ni ushahidi tosha kwamba msomaji wa amri alikuwa na mamlaka makubwa kupita kiasi mbele ya mwandishi asiyemjua.

Njia ya tatu ni kumkabidhi mgeni kadi nzima. Mwenyeji huachilia kadi yake moja, haitumii tena, na mgeni huweka kiendeshi chake mwenyewe na kuzungumza na chuma moja kwa moja. Kasi yake hukaribia ile ya kompyuta halisi. Hapa ndipo maoni yanapogongana zaidi, kwa kuwa wengine husema njia hii ni hatari kuliko zote na wengine husema ndiyo salama kuliko zote. Tukirudi kwenye swali letu tutaona sababu. Mfasiri wa upande wa mwenyeji ameondoka, na kiendeshi cha mwenyeji hakishiriki. Amri mbovu ya mgeni itakiangusha kiendeshi cha mgeni mwenyewe. Kwa upande huo, wanaoisifu wana haki.

Lakini kadi ya michoro si kifaa cha kungoja kuletewa. Ina uwezo wa kusoma na kuandika kumbukumbu ya kompyuta yenyewe, bila kupitia kichakataji kikuu, kwa sababu bila hivyo isingekuwa na kasi. Anayeiamuru kadi anaweza kuiambia isome popote. Kinachomzuia ni kifaa kingine kiitwacho IOMMU, ambacho Intel hukiita VT-d na AMD hukiita AMD-Vi, na ambacho hufanya kazi kama bawabu anayeangalia kila ombi la kifaa na kulikataa likielekea nje ya kumbukumbu ya mgeni husika. Bila bawabu huyo, kumpa mgeni kadi ni kumpa kumbukumbu yote ya mwenyeji, pamoja na funguo za siri zilizomo. Tena bawabu huvitambua vifaa kwa makundi. Ikiwa bodi mama imeiweka kadi ya michoro katika kundi moja na kifaa kingine ambacho mwenyeji anakitumia, vifaa hivyo viwili vinaweza kuzungumza kando bila bawabu kuona, na wale wanaotumia mbinu za kulilazimisha kundi ligawanyike katika programu pekee wanajidanganya, kwani kwenye nyaya hakuna kilichobadilika.

Liko pia suala la kadi inaporudi. Mgeni aliyeimiliki kadi kikamilifu huenda akaweza kubadilisha programu dhibiti iliyohifadhiwa ndani yake, na mabadiliko hayo hayafutiki kwa kufuta mashine pepe. Data yake nayo inaweza kubaki katika kumbukumbu ya kadi ikiwa kadi haikusafishwa vizuri kabla ya kupewa mwingine. Kwa mtu mmoja nyumbani mwake hili si tatizo kubwa. Kwa anayekodisha kadi kwa wateja wanaobadilishana kila siku, ndilo tatizo lenyewe.

Njia ya nne ni kuigawa kadi moja vipande kwa ajili ya wageni wengi kwa wakati mmoja. Mgawanyo unaweza kufanywa na programu ya mtengenezaji iliyo upande wa mwenyeji, kama ilivyo kwa vGPU ya NVIDIA, au ukafanywa kwa kiasi kikubwa na chuma chenyewe, kama kadi ya A100 ya mwaka 2020 inavyoweza kugawanywa hadi sehemu 7. Mwenye seva huipenda kwa sababu ya uchumi. Kwa upande wa usalama, linaongezeka swali jipya: mbali na mgeni dhidi ya mwenyeji, sasa kuna mgeni dhidi ya jirani yake, wanaokula sahani moja bila kuonana.

Mifano miwili inaonyesha ujirani huo unaweza kwenda wapi. Mwezi Januari 2024 kampuni ya Trail of Bits ilitangaza kasoro iliyoitwa LeftoverLocals, iliyozigusa kadi za AMD, Apple, Qualcomm na Imagination. Kadi hizo zilikuwa hazifuti eneo dogo la kumbukumbu ya ndani baada ya programu moja kumaliza zamu yake, kwa hiyo programu iliyofuata iliweza kuokota mabaki. Watafiti walitumia mabaki hayo kuyasoma majibu ambayo mtumiaji mwingine alikuwa akipewa na programu ya akili unde kwenye kadi hiyohiyo. Mwezi Julai 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Toronto walionyesha shambulizi la GPUHammer, ambapo mtu anayeshiriki kadi ya NVIDIA A6000 aliweza, kwa kuzisomasoma safu za kumbukumbu kwa kasi kubwa, kugeuza biti katika data ya jirani. Kugeuza biti moja kulitosha kushusha usahihi wa mfumo wa akili unde kutoka asilimia 80 hadi asilimia 0.1. Kinga iliyopendekezwa ni kuwasha urekebishaji wa makosa ya kumbukumbu, yaani ECC, ambao huja na gharama ya kasi. Katika mifano yote miwili hakuna ukuta uliovunjwa kwa maana ya kawaida. Chuma chenyewe ndicho kilichovujisha.

Yapo mawazo mawili yaliyoenea ambayo ningependa kuyasahihisha. La kwanza ni kwamba mashine pepe isiyo na intaneti haiwezi kumdhuru mwenyeji. Mkondo wa amri za michoro si mtandao, na kukata mtandao hakuukati. Programu hasidi iliyokwisha kuingia ndani ya mgeni inaweza kuutumia bila kutuma hata pakiti moja nje. La pili ni kwamba ukirudisha mashine pepe katika hali yake ya jana, madhara yamefutika. Hilo ni kweli kwa kilichobaki ndani. Kilichotoka hakimo tena katika ile nakala unayoirudisha, kimeshakaa kwa mwenyeji.

Anayejaribu programu zinazoshukiwa kuwa hasidi, basi, azime uharakishaji kabisa na avumilie ukokotaji. Microsoft yenyewe, katika maelezo ya Windows Sandbox, mashine pepe yake ndogo ya kujaribia programu, inakiri kwamba kuwezesha GPU ndani yake kunaweza kuongeza eneo la kushambuliwa. Qubes OS, mfumo uliojengwa kwa ajili ya kutenganisha kazi kwa usalama, haukuwapa wageni wake uharakishaji wa 3D, na watu wengi wameulalamikia kwa hilo. Naona uamuzi ulikuwa wa haki. Mwanaprogramu anayeendesha Linux aliyoisakinisha mwenyewe ili kujaribu kazi yake anaweza kuuwasha, mradi asasishe programu simamizi na kiendeshi cha mwenyeji pamoja, maana wengi husasisha ya kwanza na kuisahau ya pili. Anayehitaji nguvu kamili ya kadi aikabidhi kadi nzima, baada ya kuhakikisha kwamba IOMMU imewashwa na kundi la kadi ni safi. Mwenye QEMU ana nafasi moja zaidi: anaweza kumweka mfasiri wa amri katika mchakato wake wa pekee, ulionyimwa mamlaka, ili hata akilaghaiwa asiwe na mengi ya kugawa. Programu simamizi ya Google iitwayo crosvm imejengwa juu ya wazo hilohilo, kila kifaa kikiwa katika chumba chake.

Limebaki jambo moja ambalo huwapita hata waangalifu. Mtu husema, mgeni wangu namwamini, nimemsakinisha mwenyewe. Lakini ndani ya mgeni huyo kuna kivinjari, na kurasa za wavuti zinaweza kutuma sheda zao kupitia WebGL, njia ya kivinjari ya kuchora kwa kadi ya michoro. Kivinjari huzihakiki kwanza, na uhakiki huo si wa kubeza. Hata hivyo, uharakishaji ukiwa umewashwa, kazi iliyoandikwa na mtu usiyemjua inapita kwa kivinjari, kwa kiendeshi cha mgeni, kwa mfasiri, hadi kwa kiendeshi cha mwenyeji. Katika shindano la udukuzi la Pwn2Own la mwaka 2017 timu ya Qihoo 360 ilianza na ukurasa wa wavuti tu uliofunguliwa ndani ya mashine pepe ya VMware, ikapita kivinjari, ikapita kiini cha Windows, ikatokea kwa mwenyeji, na ikapewa dola 105,000. Ndiyo maana mwenye kumbukumbu ya kutosha anashauriwa kuwa na mashine pepe mbili: moja yenye uharakishaji, ya kazi zake anazozijua, ambayo haifungui kurasa za ovyo, na nyingine isiyo nao, ambayo ndiyo inayofungua viungo na mafaili ya watu.